Kama Quinlan alikuwa sahihi, Menzies ni msaliti?

*"Mwalimu, habari za kazi. Mimi na mume wangu tuna kawaida ya kuangalia filamu za zamani Jumamosi usiku, watoto wakishalala. Wiki mbili zilizopita tuliangalia Touch of Evil. Mume wangu ni askari wa upelelezi, ana miaka kumi na tisa kazini. Ilipoisha alisema maneno machache tu: yule mzee Quinlan alikuwa sahihi, kijana alikiri, na Menzies ni msaliti maana alimuuza mtu aliyekula risasi kwa ajili yake. Mimi nilikuwa upande wa Vargas tangu mwanzo lakini nilikosa la kujibu, kwa sababu ni kweli kijana alikiri. Halafu mwishoni nikamlilia Quinlan, na hilo linaniudhi mpaka leo. Je, aliyetengeneza filamu anatuambia kumbambikia mtu kesi ni sawa ilimradi ni mhalifu kweli? Na Menzies ni msaliti au si msaliti? Jingine dogo: mdogo wangu anasema yake inaanza na majina ya waigizaji na muziki mzito, yetu haina. Zipo mbili? Tangu siku ile mume wangu hayuko sawa. Ameirudia sehemu ya mwisho peke yake, mara mbili, usiku."*

Dada yangu, nianze na la mdogo wako kwa sababu ni jepesi. Zipo tatu. Orson Welles aliipiga filamu hii mwaka 1957 kwa kampuni ya Universal, studio ikamnyang'anya mkanda wakati wa kuhariri, ikaongeza vipande vilivyopigwa na mwongozaji mwingine, ikaitoa mwaka 1958 ikiwa na dakika kama 95. Katikati ya miaka ya 1970 ikapatikana nyingine ndefu zaidi, dakika 108. Welles alikuwa ameiandikia studio waraka wa kurasa 58 akieleza, kwa upole wa mtu anayeomba chake mwenyewe, jinsi anavyotaka kila kitu kirekebishwe. Mwaka 1998, yeye akiwa amekufa miaka kumi na mitatu nyuma, mhariri Walter Murch aliufuata waraka huo akaiunga upya. Ukiona majina yanapita juu ya lile gari la mwanzo na muziki wa Henry Mancini unatamba, hiyo ni ya zamani. Ukisikia redio za magari na vilabu zikipokezana mtaani bila maandishi yoyote, ni ya 1998. Ninyi mliangalia iliyo karibu zaidi na alichotaka mwenyewe.

Sasa tuingie penyewe. Kwa wasomaji ambao hawajaiona: mji ni Los Robles, wa kubuni, mpakani mwa Marekani na Meksiko, ingawa kwa kweli walipigia Venice, California. Tajiri mmoja, Linnekar, analipuliwa ndani ya gari lake mara tu baada ya kuvuka mpaka. Hank Quinlan, mpelelezi mkongwe wa upande wa Marekani, mnene, kilema, mwenye sifa ya kunusa mhalifu kabla hajaona ushahidi, anamkamata Sanchez, kijana muuza viatu anayeishi na binti wa marehemu. Vargas, afisa wa Meksiko aliye katika fungate, anagundua kwamba ushahidi umepandwa. Na katikati yao yupo Sajenti Pete Menzies, mtu wa Quinlan wa miaka yote. Mguu wa Quinlan ni mbovu kwa sababu aliwahi kuipokea risasi iliyokuwa ya Menzies.

Shemeji anasema kijana alikiri, kwa hiyo mzee alikuwa sahihi. Naomba mrudi muitazame sehemu hiyo kwa macho ya askari, siyo ya mtazamaji. Tunasikiaje kwamba Sanchez amekiri? Hatumwoni akikiri. Hatuoni chumba wala karatasi aliyotia sahihi. Schwartz, mtu wa ofisi ya mwendesha mashtaka, anaileta habari mdomoni, mwishoni kabisa, maiti ya Quinlan ikiwa majini, na anaitaja kwa pumzi moja tu. Sanchez tulimwacha mikononi mwa polisi wale wale. Kabla ya hapo tulishaona, nyumbani kwake, Quinlan akimpiga wakati wa kumhoji. Shemeji amechukua maelezo ya onyo mara nyingi kuliko mimi nilivyoona filamu. Akiletewa jalada la namna hiyo, mtuhumiwa alipigwa siku ya kwanza, kielelezo kina shaka, kisha baadaye "amekiri", atalipokea bila kuuliza swali?

Sitaki lakini nikudanganye kwamba filamu inasema Sanchez hakufanya. Haisemi hivyo. Nionavyo mimi, tunatakiwa kuamini kwamba alifanya kweli. Wapo wanaoikwepa hoja hii kwa kudai ungamo ni la uongo, basi wanalala usingizi. Welles alikuwa mjanja kuliko hapo. Kama Sanchez angekuwa hana hatia, filamu ingekuwa nyepesi: polisi mbaya, kijana mwema, twende nyumbani. Kwa kumfanya Quinlan awe amenusa sawasawa, Welles ametuondolea kisingizio. Sasa inabidi tuseme kama tunaichukia njia yake hata pale inapofika mahali sahihi. Yeye mwenyewe aliwaambia Wafaransa waliomhoji miaka ile kwamba yuko kinyume na Quinlan, na kwamba ni afadhali muuaji aachiwe kuliko polisi ajipe madaraka ambayo si yake. Huo ulikuwa msimamo wake nje ya filamu. Ndani ya filamu alimpa Quinlan kila nafasi ya kujitetea, na utetezi wenyewe si wa kijinga: hakuwahi kumbambikia mtu asiye na hatia, anasema, hakujipatia hata senti, na wote walikuwa na makosa.

Aliwajuaje wote? Hapo ndipo inapovunjika. Mtu akishaamua kwa mguu wake unaowasha kwamba fulani ni mwuaji, kisha akatengeneza kielelezo, kisha mahakama ikafunga kwa kielelezo hicho, hukumu inarudi kwake ikiwa ushahidi kwamba mguu haukosei. Hakuna tena mahali ambapo angeweza kugundua kwamba amekosea. Vargas anapokwenda kupekua majalada ya zamani anakuta kesi juu ya kesi zilizosimama juu ya kitu kilichookotwa kwa bahati nzuri mno. Hatuambiwi ni wangapi kati ya hao walikuwa na hatia, na Quinlan naye hana namna ya kujua.

Nikupeleke bafuni, maana jibu la shemeji kuhusu Menzies liko pale.

Vargas anaingia bafuni kwa Sanchez kunawa mikono. Anagusa boksi la viatu kwa bahati mbaya, linaanguka, ni tupu. Analirudisha. Dakika chache baadaye Quinlan anaagiza bafu lipekuliwe, na Menzies anatokea na boksi lile lile, ndani yake vijiti viwili vya baruti. Vargas anasema: hilo boksi nililiona, halikuwa na kitu. Wenzake wanamwangalia kama Mmeksiko anayetetea Mmeksiko mwenzake.

Uliona aliyelishika boksi ni nani? Quinlan hakuja nalo. Alilishika Menzies, na Menzies hakuwa anajua. Sura yake ni ya mtu aliyefurahi. Amepata, bosi alikuwa sahihi tena. Joseph Calleia, mwigizaji wa Kimalta, ameicheza kwa namna inayoniuma kila nikiirudia: uso wa mtoto aliyetumwa dukani akarudi na chenji kamili. Ndivyo mtambo ule unavyofanya kazi. Kielelezo cha uongo mikononi mwa mwongo kina harufu. Kikipitia mikononi mwa mtu mkweli anayekuamini kinatoka kimetakata: ataapa mahakamani bila kubabaika, kwa sababu haapi uongo. Quinlan hakuhitaji msaidizi fisadi. Alihitaji mtu safi anayempenda.

Kwa hiyo ukiniuliza nani alimsaliti nani kwanza, nitakuambia Quinlan alimsaliti Menzies miaka mingi kabla Menzies hajavaa maikrofoni ya kumnasa mzee wake. Deni la risasi lilikuwa la kweli, silibezi. Lakini alilifanya deni hilo kuwa kamba. Kila Menzies alipotaka kuona jambo, kulikuwa na ule mguu unaochechemea mbele yake.

Ndiyo maana hasogei haraka, nami namheshimu kwa hilo. Vargas anapomwekea majalada mezani, Menzies anakasirika, anamtetea mzee wake karibu kwa machozi. Hoja hazimsogezi hata inchi moja. Kinachomgeuza ni bakora. Quinlan, amelewa baada ya kukaa miaka kumi na miwili bila kuonja, anamnyonga Grandi, jambazi la mji, katika chumba cha hoteli, karibu na mke wa Vargas aliyeleweshwa dawa ili naye abambikiwe. Anaondoka akiisahau bakora yake. Menzies ndiye anayeiokota.

Fikiria mtu huyo ameishika. Anaijua kuliko mkono wake mwenyewe. Ameiona kila siku tangu ile risasi, na kilichofanya Quinlan atembee na bakora ni yeye Menzies. Angeweza kuifuta, kuirudisha kimyakimya, na hakuna ambaye angejua. Kwa mara ya kwanza ameokota kielelezo ambacho hakikupandwa na mtu. Anakipeleka kwa Vargas.

Je, huo ni usaliti? Kwa Kiswahili tuna neno kuuza, na kuuza kuna bei. Menzies alipata nini? Hakupandishwa cheo wala hakupona. Alivaa maikrofoni mwilini, akaenda kumtoa mzee wake nyumbani kwa Tanya, mwanamke aliyefahamiana naye tangu zamani, huku ile piano inayojipiga yenyewe ikilia, akatembea naye kati ya minara ya visima vya mafuta akimwuliza maswali ambayo majibu yake alikuwa anayaogopa. Vargas yuko nyuma yao na chombo cha kunasia, anapanda vyuma, anashuka kwenye maji machafu. Hapo filamu haimwachi Vargas naye atoke msafi. Yeye aliyesema kazi ya polisi huwa rahisi tu katika nchi ya kipolisi, sasa anajibanza chini ya daraja akisikiliza mazungumzo ya marafiki wawili. Mwangwi wa sauti ya Quinlan kutoka kwenye kile chombo ndio unaomshtua mzee. Anampiga Menzies risasi kwa bastola aliyomwibia Vargas, ili hata hiyo ahesabiwe Vargas.

Kisha anashuka majini kunawa damu, na tone jingine la damu ya Menzies linamdondokea mkononi kutoka juu. Anapotaka kumpiga Vargas, Menzies, anayekufa, anampiga yeye. Na Quinlan anasema kitu ambacho nadhani ndicho kilichomrudisha shemeji kwenye skrini usiku: kwamba hiyo ni risasi ya pili kuipokea kwa ajili ya Pete. Hata akifa anaandika deni. Aliyeipiga ni Pete mwenyewe, lakini kwenye daftari la Quinlan imeingia upande wa Pete kudaiwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa shemeji si la kumpendeza kabisa. Menzies alivunja uaminifu, ndiyo. Maikrofoni chini ya shati la rafiki ni kitu kichafu, na Welles hakukipaka rangi. Lakini uaminifu aliouvunja ulikuwa umeshageuzwa kuwa kitendea kazi. Alikuwa na nafsi mbili za kuwajibika kwazo, mtu aliyemwokoa na watu asiowajua waliofungwa kwa mikono yake mwenyewe, na hakuna njia ambayo angewatendea wote haki. Anayesema angechagua kirahisi, upande wowote ule, hajaiangalia vizuri.

Umeudhika kwamba ulimlilia Quinlan. Usiudhike. Ulilizwa kwa ufundi. Welles alikuwa na miaka 41 tu alipoigiza. Ule unene ni matandiko, ile pua si yake. Kamera ya Russell Metty imewekwa chini, inamtazama kutoka magotini, lenzi pana inamtanua mpaka anajaza chumba, na mtu mkubwa hivyo akianza kuporomoka moyo hauwezi kutulia. Halafu tunaambiwa mkewe alinyongwa zamani na muuaji hakutiwa hatiani kwa kukosa ushahidi. Hapo ndipo alipoacha kuungoja ushahidi. Anayenyongwa na Quinlan mwishoni anakufa kwa njia ile ile, na sijui kama yeye mwenyewe aliliona hilo. Marlene Dietrich, kama Tanya, anamwangalia ndani ya maji na kusema jambo fupi, kwamba alikuwa mtu wa namna yake, na kwamba unachosema kuhusu watu hakina uzito wowote. Sekunde chache kabla, Schwartz anasema Hank alikuwa mpelelezi mkubwa. Tanya anaongezea: na polisi mbovu. Huzuni yako na hukumu yako zinakaa pamoja bila kugombana. (Kinachonikwaza mimi kwenye filamu hii ni kingine: Charlton Heston amepakwa rangi ya kahawia kuwa Mmeksiko. Hiyo ni Hollywood ya enzi zile, na imezeeka vibaya.)

Kitu kimoja kwa ajili ya mazungumzo yenu. Filamu hii haikuzuka peke yake. Mwaka 1950 na 1951 kamati ya Seneta Kefauver ilizunguka miji ya Marekani ikihoji majambazi na maafisa waliowalinda, vikao vikarushwa kwenye televisheni, watu wakaona. Baada ya hapo zile filamu za giza walizoziita Wafaransa noir zikajaa polisi walionunuliwa. Katika The Big Heat ya 1953 kila kitu kinaanza na askari aliyejipiga risasi akaacha barua, na mjane wake anaificha barua hiyo ili alipwe kwa kukaa kimya. Rogue Cop ya 1954 inamgusa zaidi mtu aliye katika hali ya Menzies: Robert Taylor ni mpelelezi anayelipwa na genge, ndugu yake wa damu pia ni polisi, tena shahidi, na genge linamtaka amnyamazishe mdogo wake. Hapo kuna pesa, kwa hiyo unajua wa kumlaumu. Quinlan hachukui pesa. Ndiyo maana Touch of Evil inasumbua kuliko hizo mbili. Na ilitoka wakati ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa bado haijayalazimisha majimbo yote kuvitupa vielelezo vilivyopatikana kwa upekuzi haramu. Hilo lilikuja 1961. Onyo kwa mtuhumiwa kabla ya kuhojiwa likaja 1966. Pengine wapo watazamaji wa 1958 waliomwona Quinlan akifanana na mtu wanayemfahamu mtaani kwao.

Sasa dada yangu, sentensi yako ya mwisho.

Mimi ni mwalimu wa filamu. Sijui kwa nini mume wako ameirudia sehemu ile mara mbili. Inawezekana ni mpenzi tu wa filamu. Inawezekana amechoka, miaka kumi na tisa ya upelelezi si michache. Inawezekana pia ana mzee wake kazini, mtu aliyemlea, na kuna boksi aliloliokota akiwa hajui. Usimhoji. Usimwambie "kwani wewe ndiye Menzies?" Mwambie tu kwamba uliona bakora, umwache aongee kama ana la kuongea.

Kama analo, mimi si mtu wa kulisikia, na kwa heshima zote hata wewe usiwe wa kwanza kusikia majina. Aende kwa wakili, yeye mwenyewe, kabla ya kuandika taarifa yoyote na kabla ya kumkabili huyo mkubwa wake. Tanzania ina Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na inahusu taarifa iliyotolewa kwenye mamlaka husika. Kuieleza kwa mtu asiyehusika, au kuimwaga kwenye kundi la simu, kunaweza kumwacha mtoa taarifa uchi. Wakili ndiye atakayemwambia apite mlango gani na ashike karatasi gani. Na kama halali usingizi, hali chakula, au anasema maneno ya kukata tamaa, nanyi mna bastola nyumbani au anarudi nayo kutoka kazini, usisubiri Jumamosi nyingine. Mpate daktari, au kiongozi wa dini anayemheshimu, siku hiyo hiyo, na silaha isilale ndani.

Majadiliano hayo yafanyike uso kwa uso. Simu iachwe chumba kingine.